Al-Kashi: Mwanachuoni Aliyepima Mbingu kwa Unywele wa Farasi

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Haipiti siku chuoni bila ulimi kutaja kilo, senti, mili au giga. Tunanunua kilo ya mchele, tunameza kidonge cha miligramu 500, tunakadiria gigabaiti za kifurushi zisiishe kabla ya wiki kwisha. Viambishi hivi vinavyotangulia majina ya vipimo vina kazi moja tu, nayo ni kuzidisha au kugawanya kwa kumi, tena na tena. Kilo ni elfu moja, yaani kumi mara kumi mara kumi. Mili ni moja ya elfu. Ukijua jambo hilo, unaweza kutoka kwenye kitu kikubwa hadi kidogo kwa kusogeza nukta tu.

Jambo hili linaonekana jepesi leo, lakini kwa karne nyingi watu hawakupima hivyo. Makala haya yanamhusu mwanachuoni wa Kiislamu aliyeifanya hesabu ya kumi kwa kumi kuwa kanuni kamili, akaiandika kwa lugha ambayo karani na fundi wa kawaida wangeielewa. Yeye ni Ghiyathuddin Jamshid bin Mas'ud al-Kashi, Allah amrehemu.

Kuzaliwa na miaka ya dhiki

Al-Kashi alizaliwa mnamo mwaka 1380 hivi katika mji wa Kashan nchini Iran, na nisba yake imetokana na mji huo. Utoto na ujana wake ulipita wakati mgumu. Majeshi ya Timur yalikuwa yakiteka mji baada ya mji, na watu wa kawaida ndio waliolipa gharama ya vita hivyo. Timur alifariki mwaka 1405. Mwanawe Shahrukh alipoushika utawala, nchi ilianza kutulia na wanachuoni wakapata nafasi ya kupumua.

Al-Kashi alikuwa tabibu, lakini moyo wake ulikuwa kwenye hesabu na falaki. Tarehe ya kwanza inayojulikana katika maisha yake ya kielimu ni tarehe 2 Juni 1406, siku aliyoangalia kupatwa kwa mwezi akiwa Kashan. Alifuatilia kupatwa kwa mwezi mara tatu, akaandika alichokiona. Mwaka 1407 alimaliza risala yake iitwayo Sullam as-Samaa, yaani Ngazi ya Mbinguni, kuhusu ukubwa na umbali wa jua, mwezi na sayari.

Elimu hiyo haikumpa utajiri. Alihama mji hadi mji akitafuta mtawala atakayemsaidia kufanya kazi kwa utulivu. Alipotunga majedwali yake ya falaki, Zij al-Khaqani, akiyarekebisha yale ya Nasiruddin at-Tusi, alieleza kwenye utangulizi kwamba aliishi katika ufukara na kwamba asingeweza kuimaliza kazi hiyo bila msaada wa mwanamfalme aliyemtungia. Mwanamfalme huyo alikuwa Ulugh Beg, mtoto wa Shahrukh na mjukuu wa Timur, aliyekuwa akiitawala Samarkand. Mwaka 1416 al-Kashi aliandika vitabu viwili vingine kuhusu vyombo vya kuangalizia nyota, na katika kimoja alieleza chombo alichokibuni mwenyewe cha kujua mahali zilipo sayari bila hesabu ndefu.

Walivyopima watu wa zama zake

Ili tuione thamani ya kazi yake, lazima tujue vipimo vilivyokuwapo. Anayesoma fiqhi anavijua, maana ndivyo vilivyomo katika mlango wa swala ya msafiri. Masafa ya kupunguza swala ni burudi nne. Buridi moja ni farsakh nne, farsakh ni maili tatu, na maili kwa kauli mashuhuri ni dhiraa 4,000. Dhiraa ni vidole 24, kidole ni upana wa punje sita za shayiri, na punje moja ya shayiri ni upana wa nywele sita za farasi.

Sasa chukua kalamu. Ukitaka kujua dhiraa ina nywele ngapi, zidisha 24 kwa 6, kisha kwa 6 tena, upate 864. Maili inakuwa nywele 3,456,000, na masafa yote ya safari yanakuwa nywele 165,888,000. Jibu linapatikana, lakini kila hatua ina namba yake: nne, tatu, elfu nne, ishirini na nne, sita. Ukisahau moja, hesabu yote imeharibika. Linganisha na kilomita na milimita. Kilomita 80 ni milimita ngapi? Ongeza sifuri sita, umemaliza.

Wanafalaki walikuwa na mfumo nadhifu zaidi, wa sitini kwa sitini, waliourithi kutoka Babeli. Digrii moja waliigawa kwa sitini wakapata daqiqa, yaani kitu chembamba. Daqiqa wakaigawa kwa sitini wakapata thaniya, yaani ya pili, kisha ya tatu, ya nne, na kuendelea. Neno letu la Kiswahili "dakika" ni hilo hilo la wanafalaki. Tazama kwamba majina haya yalifanya kazi kama viambishi vya leo: kila jina lilisema umegawa mara ngapi. Tatizo lilikuwa hesabu yenyewe. Kuzidisha na kugawanya kwa sitini kulihitaji majedwali marefu, na elimu hiyo ilibaki mikononi mwa wachache. Mfanyabiashara na mjenzi hawakuwa na njia ya kuifikia.

Samarkand

Ulugh Beg alijenga madrasa kubwa katikati ya Samarkand, ikakamilika mwaka 1420, na hadi leo imesimama. Alikuwa mtawala wa aina ya pekee, kwani yeye mwenyewe alikuwa mwanafalaki. Aliwakusanya wataalamu, na al-Kashi akawa miongoni mwao pamoja na Qadhi Zada ar-Rumi. Kisha wakashughulika na ujenzi wa kituo cha kuangalizia nyota. Ndani yake kulikuwa na tao kubwa la mawe lenye nusu kipenyo cha takriban mita 40, lililochimbiwa ardhini kwa sehemu. Sababu ya ukubwa huo ni ya kipimo: kadiri tao lilivyo kubwa, ndivyo dakika na thaniya zinavyopata nafasi ya kuchorwa na kusomwa bila kubahatisha.

Habari za maisha ya Samarkand tunazipata katika barua ambazo al-Kashi alimwandikia baba yake kwa Kiajemi. Zimehifadhiwa mpaka leo. Anamweleza baba yake kwamba Ulugh Beg amehifadhi sehemu kubwa ya Qur'ani na ana maarifa ya kweli ya hesabu. Anamsimulia maswali yaliyowashinda waliohudhuria vikao na jinsi yeye alivyoyajibu. Kati ya wanachuoni wote waliokuwepo, anamsifu Qadhi Zada tu kuwa na kiwango cha kutosha, na hata yeye hakumwona kuwa sawa naye. Hafichi kwamba anajivunia. Lakini anayesoma barua hizo anamwona pia mtoto aliyehangaika miaka mingi, na sasa anamtuliza baba yake kwamba amefika mahali pazuri na kazi yake inathaminiwa. Waandishi waliokuja baadaye wamesema hakuzijua sana adabu za ikulu, na Ulugh Beg alimvumilia kwa sababu alihitaji elimu yake.

Mduara wa ulimwengu

Mwezi Julai 1424, sawa na Shaaban 827 Hijria, al-Kashi alimaliza Ar-Risala al-Muhitiyya, risala ya mzingo wa duara. Swali lilikuwa la zamani: mzingo wa duara ni mara ngapi ya kipenyo chake? Archimedes wa Ugiriki alilijibu kwa kuchora pembe nyingi zenye pande 96. Wengine walikwenda mbele zaidi. Al-Kashi alizisoma kazi zilizomtangulia akaona zina kasoro, kwa sababu kosa lililoonekana dogo kwenye duara dogo linakuwa kubwa sana likipelekwa kwenye duara la mbingu.

Kabla ya kuanza kukokotoa, aliuliza jambo ambalo wengi hatuliulizi: nataka usahihi wa kiasi gani? Akajiwekea sharti. Alichukua duara ambalo kipenyo chake ni mara 600,000 ya kipenyo cha dunia, kuzidi ukubwa wa mbingu kama ulivyofahamika kwao. Akasema kosa katika mzingo wa duara hilo lisifike upana wa unywele mmoja wa farasi, ule ule wa vitabu vya fiqhi. Kutokana na sharti hilo akapiga hesabu ni pande ngapi zinahitajika na aende hatua ngapi za sitini. Akapata umbo la pande 805,306,368.

Hakulichora, bila shaka. Alikokotoa kipeuo cha pili mara 28 mfululizo, kila mara kwa tarakimu nyingi, huku akihakiki kila hatua. Jibu lake lilikuwa sahihi mpaka sehemu ya tisa ya sitini. Kisha akafanya jambo lililo muhimu kwetu: akalibadilisha jibu hilo kuwa sehemu za kumi, ili asiyejua hesabu ya wanafalaki naye alitumie. Uwiano wa mzingo kwa nusu kipenyo ukawa 6.2831853071795865. Tarakimu zote 16 baada ya nukta ni sahihi. Hakuna aliyemshinda mpaka mwishoni mwa karne ya 16, Ludolph van Ceulen wa Uholanzi alipofika tarakimu 20.

Tuliandike sharti lake kwa viambishi vya leo. Kipenyo cha dunia ni kilomita 12,740 hivi. Mara 600,000 ni kilomita bilioni 7.6, yaani terameta 7.6. Na hesabu yake ilibakiza kosa lisilofika nusu milimita. Tera ni moja yenye sifuri kumi na mbili, mili ni moja ya elfu. Al-Kashi alikuwa na ncha zote mbili mkononi, bila mashine, kwa kalamu na karatasi.

Ufunguo wa Hesabu

Tarehe 2 Machi 1427, mwaka 830 Hijria, alikamilisha kitabu chake kikubwa, Miftah al-Hisab, Ufunguo wa Hesabu, akamtunuku Ulugh Beg. Kina sehemu tano: namba kamili, sehemu za namba, hesabu ya wanafalaki, upimaji wa maumbo, na aljebra. Alikusudia kisomwe na wanafunzi, makarani, wapimaji na wajenzi. Katika sehemu ya upimaji alieleza namna ya kukadiria eneo la matao, makuba na mapambo ya muqarnas tunayoyaona kwenye misikiti, ili mjenzi ajue vifaa vya kutosha.

Humo ndimo alimoziweka sehemu za kumi katika mfumo kamili. Hoja yake ilikuwa nyepesi. Kama wanafalaki wanagawa kwa sitini, kisha sitini ya pili, kisha ya tatu, basi na tugawe kwa kumi, kumi ya pili, kumi ya tatu, kwa utaratibu ule ule. Alionyesha kuzidisha 25.07 kwa 14.3, jibu likawa 358.501, kwa kanuni zile zile za namba kamili. Mara nyingine alitenganisha sehemu kwa mstari wa wima, mara nyingine kwa wino wa rangi tofauti, au akaandika jina la nafasi juu ya tarakimu.

Haki inatutaka tuseme kwamba hakuwa wa kwanza kabisa. Abul-Hasan al-Uqlidisi alizitumia sehemu za kumi Damascus tangu mwaka 952. Sifa ya al-Kashi ni kuzijengea kanuni kamili, kuzipa majina na kuzitumia kwenye kazi ngumu kuliko zote za zama zake.

Mwisho wa safari

Kazi yake ya mwisho ilihusu sini ya digrii moja, namba inayosimamisha majedwali yote ya falaki. Aliipata kwa njia ya kukaribia jibu hatua kwa hatua, kila jibu likizaa jibu bora zaidi. Kabla hajaikamilisha risala hiyo, alifariki nje ya Samarkand tarehe 22 Juni 1429, sawa na 19 Ramadhani 832 Hijria. Majedwali makubwa ya Samarkand yalikamilika miaka minane baadaye, na Ulugh Beg akamtaja kwa sifa kwenye utangulizi wake. Mwaka 1449 Ulugh Beg aliuawa kwa amri ya mwanawe mwenyewe, na kile kituo cha nyota kikawa gofu. Mabaki ya tao lile yalifukuliwa mwaka 1908.

Jina la al-Kashi halikupotea. Wenzetu wa Burundi na Kongo waliosoma hesabu kwa Kifaransa wanaijua kanuni ya pembetatu inayobeba jina lake, ile inayotoa upande wa tatu ukijua pande mbili na pembe iliyo kati yake.

Kutoka sehemu za kumi hadi kilo

Mwaka 1585 Simon Stevin alichapisha kijitabu kuhusu sehemu za kumi huko Leiden, akawahimiza watawala wa Ulaya wagawe fedha na vipimo kwa kumi. Miaka 210 baadaye, mwaka 1795, Ufaransa ilipitisha sheria ya mita na gramu. Vikawekwa viambishi vya Kigiriki kwa kuzidisha: deka, hekto, kilo, miria, na vya Kilatini kwa kugawa: desi, senti, mili. Mwaka 1960 mataifa yalikubaliana juu ya orodha ya kuanzia piko hadi tera, na miria ikaachwa. Femto na ato zikaongezwa mwaka 1964, peta na eksa mwaka 1975, zeta, yota na wadogo zao mwaka 1991, na mwaka 2022 ronna, quetta, ronto na quecto. Sasa viko 24.

Anayevitumia ashike mambo machache. Usiweke viambishi viwili kwenye kipimo kimoja. Angalia herufi: m ndogo ni mili, M kubwa ni mega, na tofauti yake ni mara bilioni moja. Kiambishi kinapanda pamoja na kipeo, hivyo sentimita ya mraba ni moja ya elfu kumi ya mita ya mraba, si moja ya mia. Na kilogramu, ingawa ina kiambishi, ndicho kipimo cha msingi cha uzani.

Amana ya kipimo

Ndugu zangu, tunaisoma Surat al-Mutaffifin na mara nyingi tunamfikiria muuza nafaka anayepunja mizani. Lakini mwenzetu wa udaktari au uuguzi anayeandika miligramu mahali pa mikrogramu amezidisha dawa mara elfu, na mgonjwa hataulizwa kama ilikuwa bahati mbaya. Anayekadiria zaka ya dhahabu kwa nisabu ya gramu 85, kisha akatoa robo ya ushuri, anashika haki ya fakiri kwenye nukta ya desimali. Fundi wa saruji, karani wa ghala na mtafiti wa maabara wote wamo.

Al-Kashi alianza kazi kwa kujiuliza kosa gani anaweza kulibeba, kisha akafanya kazi ya kutosha kulizuia. Halafu akaiandika elimu yake kwa namna ambayo asiye mwanafalaki naye angeitumia. Kila anayekwenda maabara, wodini au sokoni baada ya kusoma makala haya anaweza kuanza na swali lile lile, kabla hajaandika namba ya kwanza.

Allah amrehemu al-Kashi, aijaalie elimu yake kuwa sadaka yenye kuendelea, na atujaalie sisi tuwe waaminifu katika vipimo, vikubwa na vidogo. Amin.

Wabillahi tawfiq.